Nyumba ya Kibokoni, mdogo wetu, na historia ya wakfu

Najua nimewatupa. Tangu Ramadhani sijaandika kitu humu na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimehama au nimeoa mke wa pili, teh teh! Sijahama. Bado niko Deira, chumba kilekile, kiyoyozi kilekile kinacholia kama pikipiki ya mtoto wa shangazi. Nilikuwa nasoma, na nilichokuwa nasoma kinawahusu wengi wenu, kwa hiyo leo mada ni ndefu. Wekeni chai jikoni kwanza.

Yote yalianza na simu ya mama. Nyote mnajua baba alifariki 2023 na nyumba ya Kibokoni haijagawanywa mpaka leo. Nyote mnamjua pia mdogo wetu wa mwisho. Jina lake silitaji hapa, mtandao hauna pazia, lakini mnaomjua mnamjua: alizaliwa na mtindio wa ubongo, sasa ana miaka 34, mkono mmoja haumtii na maneno hayatoki vizuri, lakini haki yake katika samaki anaijua kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Basi mama akanipigia usiku, saa ambazo kwa kawaida amelala, akaniambia: "Mwanangu, mimi sikuogopa kufa kabla ya baba yenu. Sasa naogopa. Nikiondoka mimi, huyu nani atamkata kucha?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, mama, tupo. Akasema, "Mpo wapi?" Akakata simu.

Hapo ndipo nikaanza kutafuta. Binamu yetu aliye Marekani, kule Ohio, akaniambia kwao kuna kitu kinaitwa amana ya mahitaji maalumu. Mzazi anaweka mali mikononi mwa msimamizi, mali inamtunza mtoto mwenye ulemavu, na kwa kuwa haihesabiwi kuwa mali ya mtoto mwenyewe, mtoto hapotezi matibabu ya serikali. Alisema sheria iliyofungua mlango ule kwa mali ya mlemavu mwenyewe ni ya 1993. Mimi nikasema maskini Wazungu, wamechelewa hivyo? Maana nilikuwa na hisia kwamba kitu kama hicho sisi watu wa pwani tulikuwa nacho zamani sana, na kwamba kuna siku tulinyang'anywa. Nikataka kujua ni lini na nani aliyenyang'anya. Ndiyo habari ya leo.

Kwanza mirathi yenyewe, maana wengi tunaipigia kelele bila kupiga hesabu. Baba aliacha mke mmoja, wanaume watatu na wanawake wawili. Nyumba ikifanywa sehemu 64, mama ana thumni, yaani sehemu 8. Zinabaki 56. Sisi wanaume kila mmoja 14, dada zetu kila mmoja 7. Jumlisheni wenyewe, zinatimia. Mdogo wetu ana 14 zake sawasawa na mimi. Sheria ya mirathi haimuongezi kwa sababu ni mlemavu wala haimpunguzi. Hili la pili si dogo, maana duniani kuna mila nyingi ambazo mtoto kama yeye hahesabiwi kabisa siku ya kugawa.

Tatizo ni kwamba 14 zake zikigeuzwa pesa, nani anazishika? Na usia hausaidii sana. Mtu hausii zaidi ya theluthi, na mrithi hausiwi ila warithi wenzake wakubali. Kwa hiyo hata baba angetaka kumwandikia yeye zaidi, angehitaji sisi tukubali baada ya kuzikwa. Alilokuwa na uwezo nalo ni kutoa akiwa hai, kwa hiba au kwa wakfu.

Kwenye hiba kuna jambo lilinifurahisha. Sote tunaijua hadithi ya Nu'man bin Bashir, baba yake alipotaka kumpa yeye peke yake zawadi na Mtume (SAW) akakataa kuwa shahidi. Wengi huishia hapo, wanasema basi, kumpendelea mtoto mmoja haifai. Lakini Ibn Qudama, mwanachuoni wa Kihanbali aliyefariki 1223, aliandika kwamba mzazi akimzidishia mtoto mmoja kwa sababu maalumu kama maradhi ya kudumu, upofu au wingi wa familia, kuna nafasi. Upofu na maradhi ya kudumu! Miaka mia nane iliyopita kuna mtu alishakaa akamfikiria mdogo wetu. Sisi Mashafii tuna maneno yetu juu ya suala hilo, lakini nilifurahi hata hivyo.

Haya, sasa wakfu.

Mnaikumbuka habari ya Umar bin Khattab na shamba lake la Khaybar. Alipata ardhi nzuri, akaenda kwa Mtume kuuliza afanye nini nayo, akashauriwa azuie shina na atoe matunda. Ardhi haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Mazao yake yakawa ya mafakiri, jamaa, watumwa wa kukombolewa, wasafiri na wageni, na msimamizi akaruhusiwa kula humo kwa wastani. Sikujua, mpaka niliposoma mwaka huu, kwamba usimamizi wa shamba lile Umar alimwachia binti yake Hafsa, kisha baada yake mwenye rai katika ukoo. Binti! Nawataja kaka zangu wote wanaosema dada hawezi kushika mambo ya nyumba: mkasome.

Lakini iliyonigusa zaidi ni ya Zubayr bin Awwam. Yeye alizifanya nyumba zake kuwa wakfu, akaweka sharti kwamba binti yake yeyote atakayeachika arudi akae humo, asidhuru wala asidhuriwe, na akipata mume akajitosheleza, basi haki yake pale imekwisha. Someni tena sharti hilo polepole. Halisemi nyumba ni ya watoto tu. Linamtaja mtu ambaye siku fulani atakuwa hana pa kwenda, linampa chumba, linalinda heshima yake ndani ya chumba hicho, na linasema msaada unaanza lini na unaisha lini. Wakili wa binamu yangu kule Ohio analipwa dola kwa saa kuandika sharti kama hilo.

Hii kitu ilifika pwani yetu pamoja na misikiti. Lamu, Mombasa, Unguja, Pemba, kila mji una visima, misikiti, makaburi, minazi na nyumba za wakfu. Na si za msikiti tu. Watu waliweka wakfu kwa ajili ya watoto wao na vizazi vyao, mwisho kabisa, kizazi kikikatika, maskini. Zanzibar kulikuwa na matajiri walioweka ardhi au vibanda kwa ajili ya watumwa waliowaacha huru, ili mtu aliyezeeka katika kazi za wengine asitupwe barabarani. Ng'ambo, ng'ambo ya ule mkono wa bahari kutoka Mji Mkongwe, suala hilo lilikuja kuwaka moto. Mwaka 1928 wakaazi wa huko waligoma kulipa kodi ya viwanja, na moja ya hoja zao ilikuwa hiyo, kwamba ardhi ile waliachiwa wakae, haikuwa ya kukodishwa. Mwanahistoria Laura Fair ameiandika vizuri habari hiyo katika kitabu chake Pastimes and Politics cha 2001. Kikipatikana huko, kisomeni.

Msinielewe vibaya, sisemi wakfu ulikuwa wa malaika. Watumwa hao hao waliowekewa kibanda walikuwa wametumikishwa miaka yote bila mshahara, kibanda si fidia. Na wasimamizi wengine walikula mpaka shina lenyewe. Kila ukoo wa pwani una hadithi ya mjomba aliyekuwa msimamizi na nyumba ikapotea. Wetu pia, lakini hiyo siku nyingine.

Waingereza walipofika walikuta mali hizi na hawakujua wazifanyeje. Ukanda wa pwani wa Kenya ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, ulikodishwa 1895, na sheria za dini ziliachwa ziendelee katika mambo ya ndoa, mirathi na wakfu. Mwaka 1900 ikatungwa sheria ya Makamishna wa Wakfu kwa upande wetu, na Zanzibar ikapata kamisheni yake miaka michache baadaye. Mpaka hapo mtu angesema sawa, wamekuja kupanga mafaili. Lakini mahakama za juu zilikuwa mikononi mwa majaji waliosomea London, na majaji hao walikuwa na jambo lao.

Jambo lenyewe lilitoka India. Mwaka 1894 Baraza la Faragha la Malkia, ambalo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho kwa makoloni yote, lilisikiliza kesi ya Abul Fata. Ndugu wawili walikuwa wameweka mali yao wakfu kwa ajili ya watoto wao kizazi baada ya kizazi, na ukoo ukiisha, iende kwa wajane, mayatima na maskini. Lord Hobhouse akasema wakfu huo ni batili. Kwa maoni yake maskini wametiwa mle ili jambo lionekane la kidini tu, na lengo hasa ni kuutajirisha ukoo. Sadaka ya kweli kwake ilikuwa ile inayokwenda kwa wageni. Kumlisha mwanao haikuwa sadaka.

Hapa nikasimama nikacheka, kwa sababu ya kitu kingine nilichosoma. Kule Oxford kuna chuo kinaitwa Merton, kilianzishwa 1264 na Walter de Merton, na kanuni zake za mwanzo ziliwapa nafasi wapwa zake na jamaa wa damu yake. Mwaka 1988 mwanasheria Monica Gaudiosi aliandika makala ndefu akisema kanuni hizo zinafanana mno na hati ya wakfu, na kwamba huenda Waingereza waliuokota mfumo wao wa amana kutoka kwa Waislamu wakati wa vita vya msalaba. Wapo wanaompinga. Lakini hata kama hakuna aliyeiga kwa mwenziwe, tajiri wa Kiingereza aliwatengea wapwa zake na likawa jambo la heshima hadi leo, na sisi tukitenga kwa watoto wetu ikawa ujanja.

Waislamu wa India hawakunyamaza. Muhammad Ali Jinnah, yuleyule wa Pakistani, akapeleka mswada katika baraza la kutunga sheria na mwaka 1913 sheria ya kuhalalisha wakfu wa familia ikapita. Wakapona wao. Sisi huku hatukupona, maana sheria ile ilikuwa ya India, na ule uamuzi wa 1894 uliendelea kutufuata. Mwaka 1946 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliutumia katika kesi ya Riami kutoka Zanzibar, na Zanzibar ikalazimika kutunga sheria yake ya kuhalalisha wakfu mwaka huo huo. Kisha ikaja kesi ya Bakhshuwen kutoka Kenya, ikapanda mpaka London, na uamuzi wake umechapishwa katika ripoti za 1952. Baraza likasema lilelile: wakfu wa familia ni batili, hata kama wanazuoni wa Kishafii wote wanasema ni sahihi. Kenya nayo ikawa imeshatunga sheria mpya ya Makamishna wa Wakfu mwaka 1951 inayosema Mwislamu anaweza kuweka wakfu kwa ajili ya familia yake, watoto na vizazi vyake, mradi mwisho wake uwe kwa maskini au jambo jingine la heri la kudumu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali langu ni hili: tulinyang'anywa, na tulirudishiwa. Tulirudishiwa kwenye karatasi. Nadhani (na hapa ni mimi nasema, si kitabu) kwamba zile miaka za katikati ziliharibu kitu ambacho karatasi haikukirudisha. Mtu akishaona hati ya babu yake imechanwa na jaji, hamwambii mwanawe aandike nyingine. Anamwambia, mwanangu, uza, chukua pesa yako mkononi. Na si Waingereza peke yao. Syria ilifuta wakfu wa familia 1949, Misri 1952, na hao ni Waislamu wenyewe kwa wenyewe, wakilalamika kwamba mali zimekwama na wasimamizi wanakula. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na za wakfu hazikubaki vilevile.

Nimeuliza wazee watano wa kwetu wanaoishi huku Dubai na Sharjah, nani kati yenu ana wakfu wa familia unaofanya kazi. Mmoja tu. Na yeye alisema kodi inayopatikana haitoshi kupaka chokaa.

Sasa niwaambie ya huku, maana mnaniuliza kila siku Dubai kukoje.

Huku neno lenyewe limebadilika. Sheria ya 2006 ilisema watu wenye mahitaji maalumu. Mwaka 2017 Sheikh Mohammed bin Rashid akatangaza waitwe as-hab al-himam, watu wa himma. Unaona bango hilo kila mahali, kwenye maegesho, kwenye metro, benki. Mama nilipomwambia akasema, "Himma anayo, tena nyingi, haswa saa ya kula."

Jambo moja la maana: zamani mtoto wa kiume wa mgeni akifika umri fulani visa ya baba ilikuwa haimbebi tena. Tangu Oktoba 2022 kijana asiyeoa anabebwa mpaka miaka 25, na mtoto mwenye ulemavu anabebwa bila kikomo cha umri. Nina jirani Mtanzania ambaye kwa hilo moja tu analala usingizi. Lakini ni visa ya baba. Baba akifa, visa inakufa naye, na akaunti yake benki inafungwa mpaka mahakama itoe hati ya warithi. Ukiwa na mtu wa dawa kila mwezi nyumbani, hiyo miezi si mchezo. Wenzetu Wakristo tangu 2015 wana mahali pa kuandikisha usia pale DIFC, na humo wanataja nani atawalea watoto. Mkenya mwenzangu kazini, Mluhya, alimwandika dada yake wa Kakamega. Alilipa pesa nyingi akalalamika wiki nzima, lakini alilipa. Sisi Waislamu tuna sheria ya hali ya mtu binafsi, mpya imeanza Aprili 2025, na kuna sheria ya wakfu ya 2018 inayoutambua wakfu wa familia waziwazi kabisa. Kile ambacho Lord Hobhouse alikiita ujanja, huku kina ofisi, foleni ya namba na kahawa ya bure.

Mimi lakini sina mali Dubai. Nina godoro, friji na visa ya miaka miwili miwili. Mali yangu ni sehemu 14 katika 64 za nyumba ya Kibokoni.

Nikawapigia watu wa nyumbani. Nimezungumza na shehe mmoja anayejua mambo haya, na wakili mmoja, wote wawili wema sana. Nitawaandikia waliyoniambia kwa kifupi, maana najua kuna wengi humu wenye mtoto au ndugu kama huyu na wanaona haya kuuliza.

Sehemu 14 za mdogo wetu hazigusiki. Hata tukikubaliana sote, hata mama akilia, hatuwezi kuzifanya wakfu kwa niaba yake, kwa sababu mlezi hana ruhusa ya kutoa bure mali ya anayemlea. Qur'ani imeyagusa haya katika Suratun Nisaa, aya ya 5: mali isikabidhiwe asiyeweza kuisimamia, lakini alishwe na kuvishwa kutokana nayo na aambiwe maneno mazuri. Na ile aya ndefu ya deni katika Baqara, ya 282, inamtaja asiyeweza kuandikisha mwenyewe, kwamba walii wake aandikishe kwa uadilifu. Kwa sheria ya serikali, Kenya, Mahakama Kuu inaweza kuteua msimamizi wa mali yake chini ya sheria ya afya ya akili ya 1989. Hapa wakili alinionya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mlemavu naye ni mtu mbele ya sheria kama wengine, asaidiwe kuamua badala ya kuamuliwa. Kwa hiyo tusikimbilie kumtangaza mahakamani kwamba hana akili. Na kweli, anayo! Benki moja pale mjini ilikataa kumfungulia akaunti kwa sababu sahihi yake haifanani mara mbili, na siku ile aliporudi nyumbani hakula. Alielewa kila kitu.

Sehemu zetu sisi tunaweza kuziweka wakfu, hata nyumba haijagawanywa, Mashafii wanaruhusu wakfu wa fungu lililochanganyika. Lakini mama hawezi kujiwekea wakfu yeye mwenyewe, kwa madhehebu yetu haisihi mtu kuwa wa kwanza kufaidi wakfu wake. Alikasirika kidogo. "Nyumba niliyozalia watoto watano mnaniambia nisijiwekee?" Tukamweleza kwamba za kwake zitakuwa kwa ajili ya mdogo wetu, na za kwetu zitamtaja yeye, kwa hiyo hakuna atakayemtoa. Akasema sawa, lakini aliisema ile sawa ya mama.

Kwa hiyo hesabu imekaa hivi. Mama 8, mimi 14, dada wawili 7 na 7. Ni 36. Tukiongeza 14 za mdogo wetu mwenyewe ni 50 kati ya 64 ambazo haziuzwi maadamu yeye yu hai. Chumba cha chini kinachofungukia uwanjani ni chake, hakuna ngazi. Vyumba vya juu vinapangishwa, kodi inamlipa mtu wa kumsaidia, na kinachobaki ni cha ukarabati. Akiondoka yeye, faida iende kwa yeyote katika vizazi vyetu mwenye ulemavu au asiyejiweza, na kama hakuna, maskini wa mtaa. Msimamizi wa kwanza ni dada yetu mkubwa. Alipotajwa mjomba akaguna, nikamtumia habari ya Hafsa kwa WhatsApp, sijajibiwa.

Zile 14 zilizobaki ni za kaka. Nataka niseme hili kwa haki, kwa sababu najua na yeye anasoma humu. Kaka hataki. Ana mtoto chuo kikuu na mwingine anaingia mwakani, na nyumba ya Kibokoni ndiyo kitu pekee chenye bei alichoachiwa na baba. Aliniambia, "Wewe uko Dubai, ni rahisi kuwa mkarimu." Iliniuma siku mbili. Siku ya tatu nikaona ana haki ya kusema, kwa sababu ndivyo wengi nyumbani wanavyotuona sisi tulio huku, na wala hajui kwamba usiku ule nilikuwa nimekaa kitandani najiuliza mambo yaleyale. Wakfu haurudi. Nikiziweka 14 zangu, watoto wangu mimi hawatakuwa na hata tofali moja Mombasa, na visa yangu ikikatika kesho nitarudi kama mgeni kwenye nyumba ya baba yangu. Mke wangu aliuliza swali hilohilo kwa sauti ya chini kuliko kaka, na ndilo gumu zaidi.

Nimemwambia kaka nitazinunua sehemu zake polepole, kwa bei ya mthamini na si ya udugu. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Amesema tuonane. Nina tiketi ya Desemba inshallah, siku kumi na nane.

Rasimu ya hati iko kwa wakili. Juzi dada alimsomea mama yote kwa simu, sharti moja moja, na mimi nikisikiliza kutoka huku. Chumba, kodi, msaidizi, msimamizi, mwaka wa kukagua hesabu. Mama alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama inawezekana kuongeza kwamba asiamshwe kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu akikurupushwa mkono unakakamaa siku nzima, na kwamba kucha zake zikatwe baada ya kuoga, si kabla. Dada akacheka. Mimi nikamwambia wakili aandike.

Wasalaam, kutoka Deira.